D'Alembert: mtoto wa kuokotwa aliyeleta hesabu ya mawimbi

Kule Walikale na Masisi, vita inaachanisha watoto na wazazi wao, na mara nyingi ni mama jirani ndiye anawapokea. Jean d'Alembert naye alilelewa na mama asiyemzaa. Novemba 1717, mjini Paris, Ufaransa, aliokotwa akiwa mtoto mchanga kwenye ngazi za kanisa la Saint-Jean-le-Rond. Wakamupa jina la kanisa hilo.

Mama mzazi, Claudine de Tencin, mwanamke mwenye kujulikana sana, hakumtambua. Baba, ofisa wa jeshi kwa jina Destouches, alimtafutia mlezi: mama Rousseau, bibi ya fundi wa vioo. Baba alilipa masomo, na alipokufa mwaka wa 1726 alimwachia feza ya kila mwaka.

Mwaka wa 1741, akiwa na miaka 23, d'Alembert aliingia katika Akademia ya Sayansi. Mwaka wa 1747 akatoa mlinganyo unaoeleza namna kamba ya chombo cha muziki inatetemeka: ukiigusa, mtikisiko unatembea kama wimbi mpaka mwisho, kisha unarudi.

Hesabu hiyo ilifika mpaka kwenye visima vya petroli. Pale mashine iko juu, pompi iko chini, mara nyingi zaidi ya mita 1,000. Katikati kuna vyuma vyembamba vimeungwa kimoja kwa kingine. Juu ya urefu ule, chuma kinavutika sawa mpira: kikipanda huku juu, kule chini kinachelewa kidogo, na mawimbi yanapanda na kushuka ndani yake. Ukikosea hesabu, chuma kinakatika. Mwaka wa 1963, Mmarekani Sam Gibbs alichukua mlinganyo huo wa mawimbi, akaongeza msuguano, na kompyuta ikaweza kutabiri mwendo wa pompi bila mtu kushuka.

D'Alembert alisifiwa sana. Pamoja na Diderot aliongoza kamusi kubwa ya maarifa, Encyclopédie, iliyoanza kutoka 1751. Mfalme Frederick II wa Prussia alimwita Berlin. Catherine II wa Urusi alitaka amfundishe mtoto wake. Wote aliwakatalia. Aliendelea kukaa katika nyumba ya mama Rousseau mpaka 1765, akiwa na miaka 47, na ni ugonjwa ndio ulimtoa pale.

Alikufa tarehe 29 Oktoba 1783. Kaburi lake halikuwekwa alama.