Buxton, Mwana wa Mama Mkweka

Ukikaa Riruta hukosi jirani aliyelelewa katika Kanisa la Marafiki, wale waitwao Wakweka, ambao wamishonari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Kijana wa nyumba hiyo akiposa dhehebu jingine, wazee hawakosi neno. Uingereza ya zamani mambo hayakuishia katika maneno: Mkweka aliyefunga ndoa na mtu wa nje, mbele ya padri, aliweza kutolewa katika jamii ya Marafiki.

Thomas Fowell Buxton alizaliwa katika ndoa ya namna hiyo, huko Essex, tarehe 1 Aprili, 1786. Babake alikuwa wa Kanisa la Uingereza. Mamake, Anna Hanbury, alikuwa Mkweka. Baba alifariki mtoto angali mdogo, akalelewa na mama aliyemfundisha kuuchukia utumwa. Mwaka 1807 Buxton naye akamwoa Hannah Gurney, binti wa Wakweka wa Norwich, nduguye Elizabeth Fry, mtetezi wa wafungwa.

Mali yake ilitokana na kiwanda cha pombe cha wajomba zake, jambo ambalo sisi tuliosoma chuoni hatuwezi kulisifu. Lakini alipoingia Bungeni mwaka 1818 hakuyasahau malezi. William Wilberforce alipozeeka alimkabidhi vita dhidi ya utumwa, na mwaka 1833 ikapitishwa sheria ya kuukomesha katika makoloni ya Uingereza. Buxton alifariki mwaka 1845, miaka 28 kabla ya soko la watumwa la Unguja kufungwa.

Dadake, Anna, alishika njia nyingine: aliingia Ukweka, akaolewa na mhubiri wao, William Forster. Mwana wao, W. E. Forster, alipomwoa Jane Arnold mwaka 1850, binti wa kasisi wa Kanisa la Uingereza, Marafiki walimtoa. Kanuni hiyo ikaja kuondolewa mwaka 1860, baada ya kuwapotezea watu wengi.

Marafiki waliandika kila aliyetolewa na sababu yake. Kwa hiyo atafutaye nasaba yake leo aghalabu humkuta bibi yake katika daftari lile lile lililomfukuza. Wazee wetu wa Riruta, na wa Mombasa pia, na wamkumbuke mama yake Buxton kabla ya kumfungia mtoto mlango.