Tupac Shakur katika Picha za Sinema

Mhariri wa sehemu yetu ya Kiswahili ameniomba nilete habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufa siku nyingi. Nadhani alitazamia nimwandikie juu ya mfalme fulani au msafiri wa zamani, kama tulivyokuwa tukiandika sisi tulipokuwa wanafunzi hapa. Lakini nilipokuja kutazama mpira baina ya wanafunzi na wanafunzi wa zamani, nilimwona kijana mmoja kando ya uwanja amevaa fulana yenye sura ya mtu aliyefunga kitambaa kichwani, fundo likiwa mbele. Nikamwuliza kama anamjua mtu huyo. Akajibu kwa furaha kuwa ni Tupac, jambazi wa Marekani. Kwa ajili ya jibu lile nimeshika kalamu.

Simlaumu kijana yule, maana mimi nami nilimjua Tupac hivyo hivyo. Mwaka 1998 nilikuwa Kidato cha Pili. Jumamosi moja mimi na mwenzangu wa bwenini tulipenya ua wa shule, tukaenda kwenye kibanda cha video karibu na soko. Wasomaji wa Uganda wanavifahamu vibanda hivyo: mabati, mabenchi, televisheni moja, na mkalimani aliyekaa na kipaza sauti akiyageuza maneno ya Kiingereza kuwa Kiluganda, na kuongeza mengi ya kwake mwenyewe. Siku ile waliweka picha iitwayo Juice. Mkalimani hakujishughulisha na jina la mtu katika hadithi. Tangu mwanzo hata mwisho alimwita Tupac: Tupac ameiba, Tupac amemwua rafiki yake, Tupac anakimbia juu ya dari. Tulitoka tukiamini kuwa tumeona maisha ya mtu, si mchezo. Mimi niliishia kuchapwa na kulima shamba la shule kwa juma zima. Mwenzangu alinaswa zaidi na picha ile. Alianza kufunga kitambaa kichwani, kisha akaanza kutembea na kisu mfukoni, na kabla ya mwaka kwisha alifukuzwa shule.

Sasa nieleze habari zenyewe.

Tupac alizaliwa tarehe 16 Juni, 1971, katika mtaa wa Harlem, New York. Mama yake, Afeni Shakur, alikuwa mmoja wa chama cha Black Panther, na alipokuwa mja mzito alishtakiwa pamoja na wenzake kwamba walifanya njama ya kulipua majengo. Hakuweka wakili. Alisimama mwenyewe mbele ya mahakama akajitetea, na mwezi mmoja kabla ya kujifungua wote wakaachiliwa huru. Mtoto alipewa jina la Túpac Amaru wa Pili, aliyewaongoza watu wa Peru kuwaasi Wahispania na akauawa mwaka 1781. Ni jina zito la kumbebesha mtoto.

Wengi wanafikiri aliingia katika sinema kwa sababu nyimbo zake zilikwisha kuvuma. Sivyo, mchezo wa jukwaani ulitangulia. Akiwa mtoto aliingia katika kikundi cha maigizo cha Harlem, na mwaka 1984 alipanda jukwaa la Apollo, ukumbi mashuhuri wa watu weusi, akacheza nafasi ya mtoto Travis katika mchezo wa Lorraine Hansberry uitwao A Raisin in the Sun. Baadaye mama yake alihamia Baltimore, na kijana akapokewa katika shule ya sanaa ya mji huo. Huko alisoma uigizaji, ushairi na muziki, akacheza michezo ya Shakespeare, na hata akajifunza ngoma ya kizungu ya bale. Katika bale ya The Nutcracker yeye ndiye aliyekuwa Mfalme wa Panya. Ningependa kijana mwenye fulana alijue jambo hilo.

Shule ile hakuimaliza. Mwaka 1988 jamaa walihamia California, mahali paitwapo Marin City, na mama akazama katika dawa za kulevya. Katika mwaka huo huo, akiwa na miaka 17 tu, Tupac alipigwa picha ya sinema akihojiwa kama mwanafunzi wa shule ya Tamalpais. Picha hiyo ipo mpaka leo, na kila atengenezaye filamu ya maisha yake huichukua. Nimeitazama mara nyingi. Ni mvulana mwembamba, anacheka upesi, anazungumza juu ya umaskini, juu ya shule na mambo ambayo shule haifundishi, kwa ufasaha ambao walimu wetu wangeupa alama zote. Hakuna kisu wala kitambaa.

Alipata kazi katika kikundi cha muziki wa kufoka kiitwacho Digital Underground, kwanza kama mbeba vyombo na mchezaji ngoma. Pamoja nao alionekana mara ya kwanza katika sinema kubwa, Nothing but Trouble, mwaka 1991. Ni picha ya kuchekesha ambayo haikuwachekesha wengi, na yeye yumo kwa dakika chache tu.

Juice ilikuja baada yake. Habari zasema kuwa Tupac hakuitwa kujaribiwa. Alimsindikiza mwenzake wa muziki aliyeitwa, kisha akaomba naye asome maneno. Akasoma, akapewa nafasi ya Bishop, mmoja wa vijana wanne wa Harlem, ambaye anapata bastola na tangu hapo hatawaliki tena. Mwongozaji alikuwa Ernest Dickerson, aliyekuwa mpiga picha wa filamu za Spike Lee. Picha ilitolewa Januari 1992. Nilipoitazama tena nikiwa mtu mzima, bila mkalimani, niliona jambo ambalo pale kibandani sikuliona: Bishop ni mtoto mwoga. Ukali wake wote ni woga. Kijana wa miaka 20 aliyeweza kuonyesha hayo kwa macho tu alikuwa fundi, na ufundi huo alikuwa ameusomea.

Bahati mbaya ni kwamba watu walimshika kwa sura ile, na baadhi ya matendo yake yaliwasaidia kumshika. Mwaka 1993 John Singleton alimpa nafasi tofauti kabisa katika Poetic Justice. Humo Tupac ni Lucky, karani wa posta mwenye binti mdogo, anayesafiri kwa gari la barua toka Los Angeles mpaka Oakland pamoja na msusi wa nywele, naye ni Janet Jackson. Mashairi ya msusi yalitungwa na Maya Angelou, ambaye mwenyewe anaonekana kidogo katika picha. Mama huyo alisimulia baadaye kwamba siku moja alimkuta kijana akigombana kwa matusi mahali pa kazi, akamshika, akamwongoza kando, akamkumbusha taabu za wazee wake waliovumilia ili yeye awepo duniani. Kijana akalia, na bibi akamfuta machozi. Hakumjua kuwa ni mtu maarufu mpaka alipoambiwa baadaye.

Lakini mwaka ule ule alifanya jambo la aibu. Ndugu wawili mapacha, Allen na Albert Hughes, walimwondoa katika filamu yao Menace II Society. Tupac na watu wake wakamvamia Allen wakampiga. Kisha akaenda kujisifu kwenye televisheni kwamba ndiye aliyefanya. Maneno hayo yakaletwa mahakamani kuwa ushahidi, na mwaka 1994 akafungwa siku 15. Kamera iliyomjengea jina ndiyo iliyomtia hatiani.

Mwaka huo pia ilitoka Above the Rim, picha ya mpira wa kikapu, naye akacheza Birdie, mkubwa wa genge. Novemba 30 alipigwa risasi katika jengo la studio mjini New York asife. Kesho yake mahakama ikamwona ana hatia ya kumdhalilisha mwanamke hotelini, kosa alilokana mpaka mwisho. Februari 1995 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu mpaka minne na nusu. Oktoba akatoka kwa dhamana ya dola 1,400,000, iliyolipwa kwa mpango wa Suge Knight, mwenye kampuni ya santuri ya Death Row, ambako akaanza kazi mara moja. Mambo ya ugomvi wa waimbaji wa mashariki na wa magharibi wasomaji wanayajua kupita kiasi, nami nayapita.

Lililonishangaza mimi ni wingi wa kazi katika miezi ile ya mwisho. Mchana alikuwa mbele ya kamera, usiku studio. Alimaliza Gang Related pamoja na James Belushi, akamaliza na Gridlock'd. Kama mtu ana nafasi ya kutazama moja tu, ningemshauri Gridlock'd. Tupac na Mwingereza Tim Roth wanacheza wanamuziki wawili waliotumwa na dawa za kulevya, ambao rafiki yao ameanguka karibu kufa. Huyo rafiki anachezwa na Thandiwe Newton, ambaye mama yake ni mtu wa Zimbabwe. Wawili hao wanaamua kuacha dawa. Siku nzima wanazunguka Detroit kutoka ofisi hii mpaka ile. Hapa wanaambiwa walete fomu, pale dirisha limefungwa. Nani miongoni mwetu hajapita njia hiyo? Tupac hapa ndiye mwenye akili na subira. Anachekesha, kisha anahuzunisha. Mtoto wa mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa wa dawa hizo hakuhitaji kufundishwa.

Hakuiona katika majumba ya sinema. Tarehe 7 Septemba, 1996, alipigwa risasi katika gari mjini Las Vegas baada ya kutazama ngumi za Mike Tyson, akafa tarehe 13, mwenye miaka 25. Gridlock'd ikatolewa Januari 1997. Singleton alikuwa na filamu nyingine aliyomfikiria, Baby Boy. Ilipotoka mwaka 2001 nafasi ilichezwa na Tyrese Gibson, na ukutani mwa chumba cha kijana yule mwongozaji aliweka picha kubwa ya Tupac.

Filamu za maisha yake ya kweli ni nyingi, na nyingine ni za kuchuma fedha tu. Mbili ni bora. Ya kwanza ni Tupac: Resurrection ya mwaka 2003, iliyotengenezwa na Lauren Lazin pamoja na mama yake Tupac. Humo msimulizi ni Tupac mwenyewe, kwa sauti iliyokusanywa toka mahojiano ya zamani, hata mtazamaji hujiona akisimuliwa na marehemu. Iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Ya pili ni Dear Mama ya mwaka 2023, yenye sehemu tano, inayoeleza maisha ya mama na mwana pamoja. Mwongozaji wake ni Allen Hughes, yule yule aliyepigwa. Habari za kipigo chake hakuzificha. Ameziweka humo humo, kisha akaendelea na kazi ya kumweleza mtu aliyempiga.

Nilimpelekea Dear Mama yule mwenzangu wa kibandani. Siku hizi ana karakana ya pikipiki Masaka na watoto watatu, mkubwa yuko hapa shuleni. Baada ya majuma mawili akanipigia simu. Hakusema neno juu ya Bishop wala juu ya kisu. Aliniuliza tu kama ni kweli kwamba mtu yule alipokuwa shule alicheza panya.