Enoch Wood, Mfinyanzi wa Burslem

Habari za majemadari na wavumbuzi tumezisoma sana. Leo nataka kuwaeleza habari za mfinyanzi. Najua wako watakaocheka, maana kwetu kazi ya kufinyanga imeachiwa akina mama vijijini, na kijana aliyefika darasa letu haitamani. Lakini mtu huyu alitengeneza sahani ambazo Wamarekani huzitafuta kwa bidii na kuzinunua kwa fedha nyingi, kisha wasizilie chakula bali wazipange kabatini zitazamwe.

Enoch Wood alizaliwa mwaka 1759 katika mji wa Burslem, jimbo la Staffordshire, Uingereza. Pande hizo zina udongo mwingi na makaa ya mawe, kwa hiyo ufinyanzi ulikuwa kazi ya kurithi. Baba yake, Aaron Wood, alikuwa fundi hodari wa kuchonga kalibu. Mwana naye alianza mapema. Mwaka 1781, mhubiri mashuhuri John Wesley alipopita Burslem, alikubali kukaa mbele ya kijana huyu, naye akaifinyanga sanamu ya kichwa na mabega yake. Sanamu hiyo ilimpatia sifa kubwa. Mwaka 1789 alijenga kiwanda chake mahali paitwapo Fountain Place. Kwa miaka mingi alishirikiana na James Caldwell, hata mwaka 1818 akabaki na wanawe, na kiwanda kikaitwa Enoch Wood na Wanawe.

Hapo ndipo sahani za buluu zilipoanza kumiminika. Wengi hudhani picha zile zilichorwa kwa mkono. Sivyo. Fundi alichonga picha katika bamba la shaba nyekundu, akalipasha moto, akalipaka rangi ya buluu iliyochanganywa na mafuta, kisha akalifuta ili rangi ibaki ndani ya michoro tu. Juu yake aliweka karatasi nyembamba iliyolowa, akaipitisha katika mtambo wa kukandamiza. Msichana aliikata karatasi ile kwa mkasi, na mwanamke akaibandika juu ya sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja, akaisugua kwa nguvu ili rangi ishike. Karatasi iliondolewa kwa maji, picha ikabaki. Baadaye sahani ilichovywa katika maji ya kung'arisha na kuchomwa tena. Buluu ilipendwa kwa sababu ilistahimili moto mkali wa tanuru. Kwa njia hiyo bamba moja liliweza kutoa sahani nyingi mno, na mtu wa kipato cha kawaida akapata picha nzuri mezani pake.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nimchague mtu huyu. Uingereza na Marekani zilipigana tangu mwaka 1812. Tarehe 11 Septemba 1814, katika ziwa la Champlain, manowari za Marekani chini ya Thomas Macdonough zilizishinda manowari za Waingereza. Vita vilipokwisha, Wood alichonga picha ya ushindi ule ule, akauchapa juu ya sahani na kuwauzia Wamarekani! Tena alitoa sahani yenye picha ya wahamiaji wa kwanza wakishuka Plymouth mwaka 1620, na ukingoni mwake akataja uhuru wa Marekani wa tarehe 4 Julai 1776. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, nao ukaingia katika sahani zake. Ukingo wa makombe ya pwani ukawa alama ambayo wakusanyaji huitambua mara moja.

Je, alikuwa msaliti? Nimelizungumza jambo hili na wenzangu bwenini, nasi hatukupatana. Mmoja alisema mtu anayeuza aibu ya askari wa nchi yake angeuza hata kaburi la babake. Mimi sikubali. Vita ilikwisha kwa mapatano, na mataifa mawili yaliyokuwa yakiuana yakarudi kuuziana sahani. Heri hivyo.

Lakini liko jambo jingine ambalo siwezi kumtetea kwa urahisi. Viwanda vya Burslem vilitumia watoto. Maji yale ya kung'arisha yalitiwa risasi, ambayo ni sumu, na waliochovya vyombo humo siku nzima waliumwa matumbo na kupooza mikono. Mwaka 1841 serikali ilimtuma Samuel Scriven kuchunguza kazi za watoto katika viwanda vya pande hizo, naye akakuta wadogo sana wakifanya kazi saa nyingi, na wengi hawajui kusoma. Wakati huo Wood alikuwa amekwisha kufa, mwaka 1840, lakini desturi hiyo haikuanza siku ile. Anayeisifu sahani nzuri na akumbuke pia mikono iliyoibandika karatasi.

Wood mwenyewe alikuwa mkusanyaji kabla ya wakusanyaji. Alitafuta vyombo vya wafinyanzi wa kale wa kwao, vile ambavyo wengine walivitupa, akavipanga kwa kufuata nyakati ili watu waone jinsi ufundi ulivyokua. Mwaka 1835 alipeleka vyombo 182 kwa Mfalme wa Saxony, vikawekwa katika jumba la makumbusho la Dresden. Baada ya kufa kwake hazina iliyobaki ilitawanyika, na kiwanda nacho hakikudumu.

Ila alikuwa na desturi moja ya ajabu. Palipojengwa jengo kubwa mjini, alizika vyombo vya kiwanda chake katika msingi. Ndivyo alivyofanya mwaka 1828, kanisa la Mtakatifu Paulo lilipoanza kujengwa Burslem. Kanisa hilo lilibomolewa mwaka 1974, na vyombo vikaonekana chini yake.