Dk. Denis Burkitt, Mtama Wetu na Sindano Yangu



Ndugu zangu, wengi wenu mnajua kwamba naishi na kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho halitengenezi insulini. Kila likizo hutoka nyumbani Koboko kwenda kliniki Arua. Huko hupimwa sukari, hutazamwa miguu na macho, na daktari hurekebisha dozi yangu. Pengine hamjui kwamba hoja ninayoisikia zaidi ya kunitaka niache sindano inafanana sana na kazi ya daktari mmoja wa Kiayalandi aliyeishi Uganda. Baba yangu mdogo hushikilia kwamba wazee wetu hawakuujua ugonjwa huu kwa kuwa walikula mtama na mhogo, basi nami nikirudi kwenye mtama nitapona. Nimeona nieleze maisha ya Dk. Denis Burkitt, tujue alifika wapi na hakufika wapi.

Alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, kaskazini mwa Ayalandi. Akiwa na miaka 11 jiwe lilivunja miwani yake akapoteza jicho moja. Alisomea udaktari Dublin, akafuzu upasuaji mwaka 1938. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili ikamleta Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapangiwa Lira, baadaye Mulago. Alikuwa Mkristo mshika dini. Wala msishangae kumkuta katika gazeti letu: Ibn Sina naye alijifunza tiba kwa Wayunani.

Mwaka 1957, pale Mulago, Dk. Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika taya zote. Wiki chache baadaye, Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna hiyohiyo. Mwingine angeandika faili akaenda zake. Burkitt alitafuta ramani. Alituma maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, na Oktoba 1961 akaondoka kwa gari kuukuu na madaktari wawili wa misheni. Mmoja wao alikuwa Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, karibu kabisa na mji wetu wa Arua. Walizunguka wiki kumi, kiasi cha kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza kila hospitali kama uvimbe ule unaonekana huko. Williams alijua pia kutengeneza gari, na anayezijua barabara zetu za mvua ataelewa thamani ya mtu kama huyo safarini.

Ikabainika kwamba saratani ile hufuata sehemu za joto na mvua, kule kwenye malaria. Leo inaitwa kwa jina la Burkitt. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, waligundua kirusi katika chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Baadhi ya watoto walipona kwa dawa bila kukatwa. Na kumbukumbu ambazo Williams aliziweka kwa uangalifu zikatoa mwaka 1967 utafiti mashuhuri juu ya ugonjwa huo hapa West Nile. Mimi huona fahari kwamba sayansi kubwa namna ile iliegemea daftari la hospitali ya kijijini kwetu.

Sasa tuje kwenye mtama. Burkitt alirudi Uingereza, na mwaka 1967 akakutana na Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyeamini kwamba sukari na unga mweupe uliokobolewa ndio mzizi wa kisukari na maradhi mengine ya mijini. Burkitt akarudia mbinu yake: aliandikia hospitali za mashambani, akauliza wanaona nini na hawaoni nini. Trowell alikuwa ameshaandika mwaka 1960 juu ya maradhi yaliyokuwa adimu kwa Waafrika. Burkitt hata alipima choo cha watu (ndiyo, choo!), na mwaka 1972 akachapisha na wenzake kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya mara nne ya Waingereza, kwa muda mfupi zaidi. Tofauti, alisema, ni nyuzinyuzi. Mwaka 1975 Trowell akaihusisha hoja hiyo na kisukari.

Je, baba mdogo ana haki? Nusu. Huko Kentucky, Marekani, Dk. James Anderson aliwalisha wagonjwa wa kisukari vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, akawafuatilia kwa vipimo. Waliokuwa kwenye dozi ndogo za insulini baadhi yao waliweza kuacha. Wenye dozi kubwa waliendelea kujidunga. Na aliyepunguza, alipunguziwa na daktari.

Tena kuna jambo ambalo ramani haiwezi kuonyesha. Hospitali huhesabu wanaoifikia. Kabla ya insulini kuanza kutumika mwaka 1922, mtoto mwenye ugonjwa kama wangu alikufa popote duniani, ale mtama au mkate. Hapa kwetu, hata baada ya hapo, angekonda, angekunywa maji usiku kucha, angepoteza fahamu, na pengine watu wangesema ni malaria au amerogwa. Huyo asingeingia kwenye daftari lolote, na wazee wasingemkumbuka kama mgonjwa wa sukari.

Burkitt alifariki Machi 1993, akiwa bado anahubiri mkate wa ngano isiyokobolewa. Mimi nyumbani nakula ugali wa mtama, maharage na mboga, na sukari yangu hupanda polepole kuliko nikila posho nyeupe; hilo nimeliona kwenye kipimo changu mwenyewe. Kabla ya Ramadhani hukaa na daktari wangu kuamua juu ya saumu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa. Baba mdogo bado hunitumia gunia la mtama kila mavuno. Nalipokea kwa shukrani, nakula, na sindano nadunga dakika chache kabla.