James Watt na Injini Iliyopoteza Joto

Mwanafunzi, ukisafiri kwa gari kutoka Mwanga kwenda Usangi, katika Milima ya Upare, utaona jinsi barabara inavyopanda kwa kona nyingi. Gari lenye injini nzima hupanda bila taabu. Gari lenye injini kuukuu hunguruma, hutoa moshi mwingi, na pengine husimama kabla ya kufika juu. Dereva akizidisha mafuta, mafuta huisha upesi, lakini nguvu haiongezeki sana. Je, nguvu hiyo hupotelea wapi?

Swali la namna hii lilimsumbua fundi mmoja zaidi ya miaka 250 iliyopita. Fundi huyo ni James Watt. Soma habari zake kwa makini, nawe utaweza kulijibu.

Utoto na kazi yake

James Watt alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 katika mji wa Greenock, nchini Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa meli. James alikuwa mtoto mwenye afya dhaifu, hivyo kwa muda mrefu mama yake alimfundisha nyumbani. Katika karakana ya baba yake alijifunza kutumia zana.

Mwaka 1755 alikwenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya kupimia. Aliporudi Uskoti, chama cha mafundi wa mji wa Glasgow kilimzuia kufungua karakana, kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka iliyotakiwa ya kujifunza kazi. Mwaka 1757 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa chumba cha kufanyia kazi.

Injini iliyoletwa kutengenezwa

Wakati huo ilikuwapo injini ya mvuke iliyobuniwa na Thomas Newcomen, ambayo ilianza kazi mwaka 1712. Ilitumika kuvuta maji kutoka katika machimbo ya makaa ya mawe. Ilifanya kazi hivi:

(a) Maji yalichemshwa, na mvuke ukaingia katika silinda. Pistoni ikapanda juu.
(b) Maji baridi yalinyunyizwa ndani ya silinda. Mvuke ukapoa na kugeuka kuwa maji.
(c) Silinda ikabaki karibu tupu, na hewa ya nje ikaisukuma pistoni chini kwa nguvu.

Mwaka 1763 Watt alipewa mfano mdogo wa injini hiyo, mali ya Chuo Kikuu, autengeneze. Aliutengeneza, lakini kila mara ulienda mapigo machache tu, kisha mvuke ukaisha. Fundi mwingine angeongeza moto. Watt hakufanya hivyo. Alipima maji, akapima mvuke, akapima joto. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya mvuke, karibu sehemu tatu katika kila nne, haikufanya kazi yoyote. Iliishia katika kuipasha moto tena silinda iliyopozwa na maji baridi.

Fikiri juu ya mama anayepika makande. Je, ingekuwaje kama kila baada ya dakika chache angekitia chungu katika maji baridi, kisha akakirudisha mafigani? Kuni zingeteketea, na makande yasingeiva. Injini ya Newcomen ilifanyiwa hivyo kila pistoni iliposhuka.

Mwaka 1765, Jumapili moja alipokuwa akitembea katika uwanja wa majani mjini Glasgow, Watt alipata jawabu. Mvuke usipozwe ndani ya silinda, bali upitishwe katika bomba hadi chombo kingine kilicho baridi. Hivyo silinda itabaki moto daima, na chombo cha kupozea kitabaki baridi daima.

Miaka ya taabu

Usidhani kwamba mambo yalikuwa rahisi tangu hapo. Mfano mdogo ulifanya kazi, lakini injini kubwa ilimshinda kwa miaka mingi. Mafundi wa siku zile hawakuweza kuchonga silinda kubwa iliyo duara kamili, kwa hiyo mvuke ulivuja kando ya pistoni. Fedha zilimwishia, akalazimika kufanya kazi ya kupima njia za mifereji. Mwaka 1773 mke wake, Margaret, alifariki dunia, na katika mwaka huohuo mshirika wake wa kazi alifilisika.

Mwaka 1774 Watt alihamia Birmingham, nchini Uingereza, akafanya kazi pamoja na mwenye kiwanda Matthew Boulton. Mwaka huo John Wilkinson alibuni mashine ya kutoboa mizinga, ambayo baadaye ilichonga silinda duara kabisa. Mwaka 1776 injini kubwa za Watt zilianza kazi. Zilitumia pungufu ya nusu ya makaa yaliyoliwa na injini za zamani. Wenye machimbo walimlipa Watt na Boulton theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa.

Mwaka 1782 Watt aliongeza jambo jingine: mvuke ulisukuma pistoni pande zote mbili. Hivyo silinda ileile ilitoa nguvu karibu maradufu. Ili wanunuzi waelewe nguvu hiyo, aliilinganisha na ya farasi. Nguvu ya farasi mmoja ni karibu sawa na kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja. Watt alifariki tarehe 25 Agosti 1819. Kipimo cha nguvu kiitwacho wati, unachokiona juu ya balbu, kimepewa jina lake. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746.

Turudi Usangi

Injini ya gari haitumii mvuke. Mafuta huungua ndani ya silinda yenyewe. Hata hivyo, fundi anayefufua injini kuukuu hufuata njia ileile. Huchonga silinda zilizolika ziwe duara tena, huweka pistoni na ringi mpya, na husaga vali zifunge sawasawa. Kisha gari hupanda mlima kwa mafuta yaleyale. Basi kumbuka: kabla ya kuongeza moto, tafuta kwanza mahali nguvu inapopotelea.

Jaribio

Chukua makopo mawili yaliyo sawa. Lizungushie moja kitambaa kizito. Mwombe mwalimu atie maji ya moto ya kiasi kilekile katika kila kopo. Baada ya dakika 15, pima joto la maji. Je, ni kopo lipi lililotunza joto zaidi? Kwa nini?

Maswali

1. Kwa nini injini ya Newcomen ilitumia makaa mengi?
2. Watt alifanya nini badala ya kuongeza moto?
3. Eleza kwa nini silinda isiyo duara hupunguza nguvu ya injini.
4. Chunguza jiko la nyumbani kwenu. Joto lake hupotelea wapi? Utalizuiaje?