Leo Fender: Fundi redio aliyelipa gitaa mkono wa chuma

Katika mizigo inayovushwa Manyovu, kati ya marobota ya vitenge na mabeseni ya plastiki, huonekana pia magitaa ya umeme. Mengi yana umbo lile lile: tumbo lenye pembe mbili, sumaku tatu za kunasa sauti, na mkono mwembamba wa chuma karibu na daraja la nyuzi. Vijana wa kwaya huuliza bei. Wachache huuliza ule mkono ni wa kazi gani, na nani aliuweka pale. Aliyeuweka ni mtu ambaye hakujua kupiga gitaa.

Clarence Leonidas Fender, aliyejulikana kwa jina la Leo, alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika shamba la michungwa la wazazi wake, karibu na miji ya Anaheim na Fullerton, jimbo la California nchini Marekani. Akiwa na umri wa miaka minane alipoteza jicho la kushoto kwa sababu ya uvimbe, akawekewa jicho la kioo. Mjomba wake aliyekuwa na duka la umeme wa magari alimtumia sanduku la vipuri vya redio, na kijana akawa amepata mapenzi ya maisha yake. Hata hivyo chuoni alisomea uhasibu. Alishika kazi ya vitabu vya hesabu hapa na pale, mpaka mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipomtoa kazini zaidi ya mara moja.

Mwaka 1938 alikopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Sisi tuliosoma uhamishoni, mkoani Kigoma, tunalijua duka la aina hiyo: meza moja, chuma cha kulehemu, na mtu mmoja anayerudishiwa kitu kile kile mara tatu mpaka ajue kinaharibika wapi. Wanamuziki walimletea Leo vipaza sauti na amplifaya zilizokufa. Aliwasikiliza sana, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa shule yake kubwa kuliko chuo.

Kutoka katika meza ile ndipo lilipotoka gitaa lililouzwa kuanzia mwaka 1950 na baadaye kuitwa Telecaster, kisha gitaa la besi la umeme mwaka 1951. Shingo hakuigundisha kwa gundi kama mafundi wa zamani. Aliifunga kwa skrubu nne. Shingo ikipinda, unafungua na kuweka nyingine. Ni akili ya fundi redio, na kwa sababu hiyo mpaka leo gitaa la mtindo wake ni rahisi kuboreshwa kipande kwa kipande.

Stratocaster ilitoka mwaka 1954, ikiwa na ule mkono. Mtambo wa kwanza wa mkono huo ulishindwa wakati gitaa lilikuwa karibu kuingia sokoni. Leo aliutupa akaanza upya, akakubali kuchelewa. Mtambo wa pili msomaji mfanyabiashara ataufahamu haraka, maana unafanya kazi kama mizani. Sahani ya chuma imeegemea skrubu sita. Upande mmoja nyuzi zinavuta, upande wa pili, nyuma ya gitaa, springi zinavuta. Nguvu zikilingana, sahani inaelea. Ukibonyeza mkono nyuzi zinalegea na sauti inashuka, ukiuachia inarudi. Leo aliuita tremolo, ingawa neno hilo kwa wanamuziki ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, siyo kwa urefu wa noti. Jina lisilo sahihi likashinda. Jimi Hendrix ndiye aliyeonyesha mambo ya mkono huo, hasa Woodstock mwaka 1969, alipoupigisha kelele za mabomu ndani ya wimbo wa taifa lake.

Lakini mizani ni mizani. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda na nyuzi zote zilizobaki zinapanda, katikati ya ibada au harusi. Ukibadilisha nyuzi nyembamba kwa nene, sahani inanyanyuka. Kwa hiyo anayenunua kwa fedha za kikundi na alijaribu gitaa palepale: alituni, abonyeze mkono mara kumi, asikilize kama nyuzi zimerudi mahali pake. Zisiporudi, asikubali kuambiwa kwamba ni kwa sababu gitaa ni jipya.

Kuboresha nako kuna utaratibu wake. Anza na nyuzi nzuri. Kisha tazama kile kipande chenye mifereji kilicho juu ya shingo; nyuzi zikinasa humo, unga wa risasi ya penseli unasaidia kuliko vipuri vya gharama. Baadaye, fedha ikipatikana, weka vigingi vyenye kufuli. Mwisho kabisa ndiyo bloku ya chini ya daraja, ambayo kwenye magitaa rahisi mara nyingi ni nyembamba. Ya chuma kizito hufanya sauti idumu zaidi. Na kwa wapigaji wa sebene, ambao hawautumii mkono, ushauri wangu ni mmoja: weka springi zote tano, kaza skrubu mbili za nyuma mpaka sahani ilale juu ya mbao. Gitaa litatulia.

Mwaka 1965 Leo aliuza kampuni kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Alikuwa na maambukizi yaliyomsumbua miaka mingi, akaamini hatapona. Baada ya kuuza, daktari mwingine akamtibu akapona. Wapo wanaomhurumia kwa hilo. Mimi namwelewa: mtu anayedhani siku zake zimehesabiwa huuza kwa bei iliyopo, na wengi wetu tuliuza mbuzi na mabati kwa namna hiyo usiku wa kuondoka.

Hakukaa bure. Katika miaka ya 1970 alitengeneza vyombo kwa kampuni ya Music Man, kisha akaanzisha G&L pamoja na rafiki yake wa zamani, George Fullerton. Huko aliurudia mkono wake, akaondoa zile skrubu sita akaweka nguzo mbili tu, ili msuguano upungue. Ukiona gitaa lenye nguzo mbili, kagua kama kingo za sahani hazijalika. Ugonjwa wa Parkinson ulimtetemesha mikono, lakini aliendelea kwenda karakana hadi siku moja kabla ya kifo chake, tarehe 21 Machi 1991, akiwa na miaka 81.