Adolphe Sax: Fundi aliyeunda saksafoni, akaipuliza na kuifundisha

KILA maafisa wapya wa jeshi wanapohitimu katika chuo cha kijeshi cha Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, gwaride lao husindikizwa na bendi ya ala za kupuliza. Miongoni mwa ala za bendi za aina hiyo imo saksafoni, ile ambayo wapenzi wa muziki wa dansi wameibandika jina la mdomo wa bata. Ndiyo hiyo hiyo iliyovuma katika santuri za Les Mangelepa, na kabla ya hapo katika zile za OK Jazz enzi za Verckys.

Anayeimudu ala hii aghalabu huwa na kazi mbili: usiku hutumbuiza, mchana hufundisha. Maisha ya namna hiyo hayakuanza jana. Aliyeibuni ala yenyewe aliishi vivyo hivyo, na hayakumpa raha.

Antoine-Joseph Sax, aliyejulikana zaidi kwa jina la Adolphe, alizaliwa Novemba 6, 1814 katika mji mdogo wa Dinant, kandokando ya mto Meuse, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Baba yake, Charles-Joseph, alikuwa fundi wa ala za muziki, na mara baada ya mtoto kuzaliwa aliihamishia familia Brussels. Utoto wa Adolphe ulijaa ajali hata majirani wakaamini hatafika utu uzima. Inasimuliwa kwamba aliporomoka ngazini akagonga kichwa kwenye jiwe, akanywa tindikali akidhani ni maziwa, akaunguzwa na baruti na kunusurika kuzama mtoni. Haya yamesimuliwa mno, na yamkini chumvi imeongezwa njiani; lakini kwamba alikuwa na roho ngumu, matukio ya baadaye yalithibitisha.

Katika shule ya muziki ya Brussels alijifunza filimbi na klarineti, na mwaka 1838 akapata hataza ya klarineti ya sauti nzito aliyoiboresha. Mpulizaji mmoja mashuhuri wa mji huo alipokataa kugusa chombo cha kijana mdogo, Sax alimwalika washindane hadharani. Kijana alishinda. Fundi huyu hakungoja wengine wamsifie kazi yake, aliipuliza mwenyewe.

Mwaka 1842 alihamia Paris, akiwa na fedha kidogo na ala mpya ambayo ilikuwa bado haijakamilika. Mwili wake ulikuwa wa shaba kama wa tarumbeta, ilhali sauti ilitokana na kipande cha tete mdomoni, kama cha klarineti. Mtunzi Hector Berlioz aliisikia na mwezi Juni mwaka huo akaandika makala ya kuisifu gazetini. Februari 1844 Berlioz aliiingiza katika onyesho lake, na aliyeipuliza jukwaani alikuwa Sax mwenyewe.

Mafundi wa Paris waliona riziki yao ikitishiwa. Wanamuziki wa okestra nao waligoma kupiga pamoja na ala zake. Njia iliyobaki ilikuwa jeshi, kwa kuwa bendi za jeshi la Ufaransa zilikuwa zimedorora na serikali ilitaka mageuzi. Aprili 22, 1845, katika uwanja wa Champ de Mars, bendi mbili zilipambanishwa mbele ya maelfu ya watu, moja ikitumia ala za zamani na nyingine ala za Sax. Ya Sax ilikuwa na wapigaji wachache zaidi, lakini umati uliishangilia hiyo. Jeshi lilizikubali ala zake, na mwaka 1846 akapata hataza ya saksafoni.

Hapo ndipo vita hasa vilipoanza. Wapinzani waliungana, wakamfungulia kesi baada ya kesi wakidai kwamba hakubuni lolote. Alishinda nyingi, ila ushindi wa mahakamani haulipi mishahara ya wafanyakazi. Mwaka 1852 alifilisika kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata alipata uvimbe wa saratani mdomoni, pigo la kikatili kwa mtu wa kupuliza. Madaktari walishauri upasuaji ambao ungemharibu uso. Badala yake alitibiwa kwa mitishamba na mganga mweusi aitwaye Vries, maarufu Paris wakati huo, na kufikia 1859 uvimbe ulikuwa umetoweka. Mganga huyo baadaye alishtakiwa kwa utapeli. Hata hivyo mgonjwa wake aliishi miaka 35 zaidi.

Katikati ya maradhi hayo, mwaka 1857, Sax alikabidhiwa darasa la saksafoni katika Chuo cha Muziki cha Paris. Wanafunzi wake walikuwa askari wa bendi za jeshi. Ala haikuwa na vitabu wala nyimbo zilizotungwa kwa ajili yake, kwa hiyo mwalimu aliwaomba marafiki zake watunzi, akiwemo Jean-Baptiste Singelée, waandike, kisha akazichapisha mwenyewe. Nyingi zilitumika katika mitihani ya darasa, na baadhi hupigwa na wanafunzi wa saksafoni hadi leo. Pengine kazi hii, ambayo huandikwa kwa mstari mmoja tu katika masimulizi mengi, ndiyo iliyoikinga ala isife pamoja na kiwanda chake. Hataza ilikwisha mwaka 1866 na kila fundi akaruhusiwa kuiunda, lakini waliojua kuipuliza ipasavyo walikuwa wametoka mikononi mwake.

Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, darasa lilifungwa na Sax akapoteza kazi ya ualimu. Alifilisika tena mwaka 1873, na mara ya tatu 1877. Alifariki Paris Februari 7, 1894, akiwa fukara wa miaka 79, akazikwa katika makaburi ya Montmartre.

Kiti chake chuoni kilikaa kitupu miaka 72. Mwaka 1942 darasa lilifunguliwa upya chini ya Marcel Mule, mpulizaji aliyetoka katika bendi ya kikosi cha Garde Républicaine, ambaye alifundisha hapo hadi 1968.